Joginder Singh: Spana boi aliyeibeba Safari Rally mara tatu

Ukisimama kando ya barabara kuu pale Ilomba jioni, gari utalisikia kabla hujaliona. Eksozi imekatwa, injini inanguruma, kijana kashika usukani kwa mkono mmoja. Chini ya boneti kuna mashine imeshushwa, imefunguliwa, imechongwa, imeongezwa nguvu. Raha yake mwenye gari anaijua mwenyewe. Swali ni moja tu: hiyo injini ikienda Dar, itapanda Kitonga kurudi?

Swali la namna hiyo ndilo lililomlisha Joginder Singh. Waliozaliwa baada ya 1990 wengi hawamjui, lakini waulize wazee wa gereji, hasa waliowahi kushika Datsun na Peugeot 404, utaona nyuso zinavyobadilika. Huyu ndiye mtu wa kwanza kushinda Safari Rally mara tatu. Waliomwona walimwita Singasinga Anayepaa, wengine Simba wa Kenya. Mimi naona jina lililomfaa zaidi ni fundi.

Mtoto wa Kericho

Alizaliwa Februari 9, 1932, Kericho, kwenye milima ya chai ya Kenya. Baba yake, Battan Singh, alikuwa ametoka Punjab, India, na alikuwa fundi wa magari. Joginder alikuwa wa kwanza kati ya watoto kumi. Na mtoto wa kwanza wa fundi, mnajua wenyewe, hana utoto mrefu. Baada ya shule Nairobi akaingia gereji kwa baba kama spana boi.

Kwa asiyejua, spana boi ndiye anayelala chini ya gari wakati wengine wamesimama. Anaosha vipuri kwa mafuta, anakamata taa, anapewa bolti iliyoshika kutu aifungue, na akiikata anasemwa. Ukikaa miaka kwenye kazi hiyo mkono wako unaanza kujua vitu ambavyo kichwa hakijui. Unashika nati na unajua hapa inatosha, nikizidisha naikata.

Halafu kulikuwa na lile neno la mitaani. Huku kwetu kila Singasinga anaitwa Kalasinga, na kila Kalasinga anadhaniwa fundi. Inasemekana neno lenyewe limetokana na mfanyabiashara wa zamani wa Nairobi aliyeitwa Kala Singh. Hilo la ufundi nalo lina chanzo: mafundi wengi wa Kisingasinga waliletwa kujenga reli ya Uganda kuanzia 1896, na baada ya reli wakabaki na nyundo na spana zao. Joginder alizaliwa ndani ya historia hiyo.

Mwaka 1958 alipata kazi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyomtengeneza kuliko mashindano yoyote. Chama cha magari cha Afrika Mashariki cha enzi za mkoloni kilimwajiri awe mtu wake wa kwanza wa doria barabarani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na kuwakwamua wenye magari yaliyoharibika njiani. Hebu fikiria. Huna lifti ya kunyanyulia gari, huna mashine ya kuchongea, una boksi la vifaa tu na jua la mchana. Unamkuta mtu kasimama, unamfungulia boneti, unatafuta.

Mtu akifanya kazi hiyo kwa muda, anaanza kuona kinachoua magari ya Afrika Mashariki. Mara chache sana ni injini kukosa nguvu. Ni vumbi lililopita kwenye chujio la hewa. Ni hosi iliyopasuka. Ni waya uliosuguana na bodi mpaka ukaungua. Ni tangi la mafuta lililotobolewa na jiwe. Joginder alianza kushindana kwenye rali miaka hiyohiyo, na alikwenda huko akiwa na orodha hiyo kichwani.

Mashindano yenyewe

Safari ilianza 1953, ikiitwa kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Baadaye ikaitwa East African Safari, na miaka hiyo ilikuwa inapita nchi zetu zote tatu: Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwanzoni magari yaligawanywa kwa bei yake dukani. Yalikuwa magari ya kawaida ya kununua, na yalikimbia kwenye barabara za kawaida ambazo hazikufungwa. Mbele yako linaweza kutokea lori, basi, au ng'ombe. Ilifanyika wakati wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimeanza. Kilomita elfu kadhaa, usiku na mchana.

Kwa Tanzania, madereva waliogopa sana kipande cha Mbulu na milima ya Usambara. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu. Mwaka 1968, saba tena.

Sasa sikiliza hili la 1964, maana linawahusu wapenda injini kubwa. Wamarekani walikuja na kundi la Mercury Comet, magari mapana yenye injini ya V8. Hii ndiyo ile miaka ambayo kule kwao magari ya misuli yalikuwa yanaanza kuwa wazimu. Pontiac GTO na Ford Mustang zote zilitoka mwaka huohuo. Walikuja na mafundi, vipuri na pesa. Mawili tu yakafika mwisho, tena nyuma kabisa. Aliyeshinda alikuwa Peter Hughes wa hapahapa Afrika Mashariki, na Ford Cortina yenye injini ndogo ya silinda nne.

V8 haikushindwa kwa sababu ni mbaya. Ni tamu sana kwenye lami iliyonyooka. Lakini injini nzito inakandamiza springi za mbele, inachimba kwenye tope, inakula mafuta mengi, na nguvu yake yote inaishia kusaga matairi na giaboksi. Barabara zetu hazikuuliza una farasi wangapi.

Volvo ya mtumba

Mwaka uliofuata, 1965, Joginder na mdogo wake Jaswant waliingia na Volvo PV544. Gari lenye mgongo wa duara kama kobe, la muundo ambao hata wakati huo ulionekana wa kizee. Volvo wenyewe waliacha kulitengeneza mwaka huohuo. Halikuwa jipya. Timu ya Volvo kutoka Sweden ilikuwa imelitumia kwenye Safari ya 1964, mambo yakawaendea vibaya, magari yakaachwa Nairobi. Ndugu hawa wawili wakalichukua moja na kulijenga upya.

Injini yake iliitwa B18. Silinda nne, sentimita za ujazo 1,778, bloku ya chuma cha kumwaga, na krenki iliyoshikwa na beringi kuu tano. Hizo beringi tano ndizo siri. Injini nyingi za silinda nne za wakati ule zilikuwa na tatu, na krenki ikizunguka kwa kasi kwa saa nyingi inajipinda kidogo kidogo katikati. Ikiwa na tano haina pa kujipindia. Ndiyo maana mafundi wa zamani walikuwa wanaiheshimu B18 kama wanavyoiheshimu leo injini ya Land Cruiser.

Tuseme wewe ndiye umepewa injini ya namna hiyo, imechoka, na unatakiwa uirudishe barabarani. Kabla hujafikiria nguvu unaanza na kupima. Silinda inapimwa juu, katikati na chini, kwa sababu hailiki sawasawa. Juu, pale ringi zinapogeukia, ndipo inapoliwa zaidi. Ikiwa imekuwa yai, unachonga na kuweka pistoni za saizi inayofuata. Ringi mpya unaiingiza kwanza kwenye silinda peke yake, unapima uwazi wa ncha zake. Kwa silinda ya milimita 84 kama ya B18, karibu milimita 0.35 inatosha. Ukiibana zaidi ya hapo, ringi ikipata joto inatanuka, ncha zinagongana, na ringi inakatikia humo ndani. Wako wanaofunga ringi zikitoka tu kwenye boksi, bila kupima. Wengine wana bahati.

Kisha valvu zinasagwa zikae kwenye viti vyake, hedi inanyooshwa. Hapa ndipo vijana wanapoharibu. Ukichonga hedi, chumba cha kuchomea mafuta kinakuwa kidogo na mgandamizo unapanda, kweli nguvu inaongezeka. Ila ukipita kiasi petroli ya kawaida haivumilii. Inalipuka kabla ya wakati wake. Utasikia kama kuna mtu anagonga kwa misumari humo ndani ukikanyaga mafuta kwenye mlima. Ile sauti ni pistoni inapigwa nyundo, na haitachukua muda mrefu itatoboka. Injini ya barabarani inajengwa kufuata mafuta yanayouzwa pampu ya karibu. Kwenye Safari ya zamani ilikuwa hivyohivyo, huko njiani unajaza kilichopo.

Halafu kuna mwinuko, na hili linatuhusu sisi wa Mbeya moja kwa moja. Mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa kabisa na Nairobi. Kila ukipanda mita 300, injini isiyo na taboo inapoteza takribani asilimia tatu ya nguvu yake, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwa hiyo huku juu umeshapoteza kama asilimia 17 hata kabla hujaondoka nyumbani. Kabureta halijui hilo. Linaendelea kumwaga petroli kama liko Kigamboni, plagi zinakuwa nyeusi, gari linakohoa. Fundi anapunguza jeti, anasogeza taimingi mbele kidogo, gari linaamka.

Sasa teremka nalo Kyela, chini ya mita 500. Hewa imekuwa nzito, petroli imepungukiwa, taimingi iko mbele mno. Injini inapata joto na kuanza kugonga. Kwa hiyo uliyemtengenezea gari likamfurahisha Ilomba, umemuandalia msiba Kyela.

Magari ya leo ya sindano yana sensa inayopima hewa na kujirekebisha, hayana shida hiyo. Lakini mwenye Peugeot 504, Land Rover ya zamani au Datsun 120Y bado yumo. Na Safari ilianzia Nairobi, ikashuka hadi usawa wa bahari Mombasa, ikapanda Kericho zaidi ya mita 2,000, ndani ya siku moja au mbili. Hakuna aliyepata muda wa kubadilisha jeti kila mlima. Ilibidi fundi achague kipimo kimoja kinachovumilika kote, akubali gari lisiwe bora kabisa popote ili lisife mahali popote. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kuongeza nguvu, na mtu aliyekulia Kericho akafanya kazi barabarani alikuwa ameisomea bila kuingia chuo.

Nitaongeza na la rejeta, maana linanikera. Huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, siyo 100. Kinachozuia yasichemke mapema ni mfuniko wa rejeta unaobana mvuke. Mfuniko ukichoka, gari linachemsha, na dawa ya mtaani ni kung'oa thermostati. Hapo umefanya injini itembee baridi asubuhi yote, ile silinda haraka na kunywa petroli. Mfuniko mpya ni bei rahisi kuliko hata chakula cha mchana cha fundi na spana boi wake.

Turudi 1965. Kwenye kura ya kupanga kuondoka, Joginder alipata namba moja. Maana yake ni kwamba hakula vumbi la mtu, ila pia kila mto uliofurika yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuujaribu. Ile Volvo ya mtumba ikatangulia Nairobi, ikamaliza, ikashinda.

Hapo Kenya ilikuwa na mwaka mmoja na miezi minne tu ya uhuru. Hadi mwaka huo washindi wote wa Safari walikuwa wazungu. Sasa amekuja mtu mwenye kilemba, mzaliwa wa Kericho, na gari lililoachwa na timu ya kiwanda. Waafrika waliokuwa kando ya barabara walimshangilia kama wa kwao, na alikuwa wa kwao.

Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya Tanzania: Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda 1966 na 1967 na Peugeot 404. Hadithi yake inadai makala yake.

Lancer

Joginder alisubiri miaka tisa kushinda tena. Hakukaa bure, 1970 alikuwa wa pili na Datsun. Lakini mashindano yalikuwa yamebadilika. Kuanzia 1973 Safari ikaingia kwenye ubingwa wa dunia wa rali, na viwanda vya Ulaya vikaanza kuja kwa nguvu. Siasa nazo zilibadilika. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia Uganda, na hata Kenya wengi wao walikuwa wameshafunga mizigo kwenda Uingereza. Joginder alibaki Nairobi na gereji yake.

Mwaka 1974 alichukua Mitsubishi Colt Lancer 1600 GSR, gari dogo la kampuni ambayo kwenye rali za dunia ilikuwa haijulikani. Injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 1,597 na kabureta mbili. Lile la kawaida la dukani lilitoa farasi 110. Porsche 911 Carrera RS ya dukani mwaka uleule ilikuwa na 210. Kwenye Porsche alikuwepo Björn Waldegård wa Sweden, mmoja wa madereva wakali kabisa duniani. Kwenye Lancia alikuwepo Sandro Munari wa Italia.

Mvua ikanyesha sana mwaka huo. Tope lilifanya kilomita za njia ziwe kama shamba la mpunga la Kyela. Kwenye tope farasi 210 hawana mahali pa kukanyaga. Joginder na msoma ramani wake, David Doig, wakafika wa kwanza, Waldegård wa pili, Munari wa tatu. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi kwenye rali ya ubingwa wa dunia. Wale mnaopenda Lancer Evolution za miaka ya tisini, zile za Tommi Mäkinen, jueni njia yake ilianzia kwenye tope hilo, mikononi mwa fundi wa Nairobi.

Miaka miwili baadaye, 1976, akarudia, na Doig yuleyule. Safari hii Lancer zilichukua nafasi zote tatu za juu. Nyuma yake walikuwa Robin Ulyate na Andrew Cowan. Lancia walikuwa wameleta Stratos, gari lililoundwa tangu mwanzo kwa ajili ya rali na lenye injini iliyotoka Ferrari. Lilikuwa gari la ajabu kwa urembo na mbio, na lilishinda karibu kila mahali duniani. Safari halikuwahi kuishinda.

Kati ya Safari 22 alizoshiriki, Joginder alimaliza 19. Mimi takwimu hiyo naiweka juu ya vikombe vyote vitatu. Kuna miaka magari mia yaliondoka na hayakurudi hata ishirini, na madereva hodari kuliko yeye kwa kasi walirudi Nairobi wamepakiwa kwenye lori. Yeye kila Pasaka alikuwa analeta gari nyumbani. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, baadaye alifikisha ushindi wa tano, na Waldegård naye akafikisha wa nne, kwa hiyo rekodi ya vikombe aliipoteza mapema.

Baada ya miaka ya sabini alipunguza mbio. Aliwahi kuendesha Mercedes pia, lakini moto wa Lancer haukurudi. Wadogo zake nao walikuwa watu wa rali na gereji, na jina la familia likaendelea Nairobi. Uzeeni alikwenda Uingereza. Alifariki London Oktoba 20, 2013, akiwa na miaka 81.

Wakati anafariki, Safari ilikuwa imeshatolewa kwenye ubingwa wa dunia tangu 2002. Ilirudi Juni 2021, Naivasha, siku nne, barabara zimefungwa, magari yana injini za sentimita za ujazo 1,600 zenye taboo. Karibu kipimo kilekile cha ile Lancer yake ya 1974.